Njoro Wakati wa Hali ya Hatari: Vita Vilivyobebwa na Malori

Mwaka 1954, kule Ngata, kati ya Njoro na mji wa Nakuru, mafundi walimaliza kujenga nyumba ya mawe yenye vyumba 53. Mwenye nyumba, Lord Maurice Egerton wa Tatton, alikuwa ameianza mwaka 1938. Vita vya Pili vya Dunia vikamsimamisha, na vilipokwisha akaendelea. Aliishi humo miaka michache tu, akafariki mwaka 1958 bila mke wala mtoto. Leo watu huiita Kasri la Lord Egerton, na mabibi arusi huenda kupigiwa picha kwenye ngazi zake.

Mwaka huohuo wa 1954, mwanamke aliyezaliwa kwenye shamba la mzungu hapa Njoro, akalelewa hapa na kuolewa hapa, alikuwa akilala kwenye kibanda kipya ndani ya kijiji kilichozungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa, huko Nyeri, Kiambu au Fort Hall, ambayo siku hizi ni Murang'a. Huko hakuwa na shamba. Pengine hakuwa hata na shangazi wa kumpokea. Alifikishwa kwa lori na gari moshi, yeye na watoto na sufuria zake, kwa sababu alikuwa Mkikuyu na serikali ilikuwa imeamua kwamba kila Mkikuyu wa Bonde la Ufa ni wa kushukiwa.

Tumezoea kuvisimulia vita vya Mau Mau kama vita vya msituni: Dedan Kimathi na koti lake la ngozi, milima ya Nyandarua, bunduki zilizoundwa kwa bomba la maji. Hayo ni kweli. Lakini ukikaa Njoro ukavitazama kutoka huku, unaona sura nyingine. Huku vita vilianza miaka mingi kabla ya risasi ya kwanza. Vilipiganwa kwa karatasi, kipande (kitambulisho cha kazi) na lori kuliko kwa bunduki, na kilichogombewa ni kimoja: anayelima udongo huu kwa mikono yake ana haki gani ya kubaki juu yake?

Jina Njoro lina asili ya Kimaasai, nalo lahusu chemchemi. Wamaasai walinywesha mifugo hapa, na juu kwenye misitu ya Mau Waogiek walirina asali. Mkataba wa mwaka 1904 uliwaondoa Wamaasai kwenye nyanda hizi, wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini. Reli ilikuwa imekwisha kupita. Miaka hiyohiyo Lord Delamere akapewa ekari 100,000 za Njoro kwa kukodi miaka 99, akaliita shamba hilo Equator Ranch. Kondoo wake walikufa kwa wingi kwa sababu nyasi zilikosa madini, na ngano yake ikaliwa na kutu. Aliajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu zinazostahimili ugonjwa huo, mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya Unga, na mwaka 1927 kikafunguliwa hapa kituo cha utafiti wa mbegu ambacho mpaka leo ndicho kitovu cha ngano ya Kenya. Habari za Delamere zimeandikwa sana. Za waliolima ngano hiyo hazikuandikwa hivyo.

Walilima maskwota. Wengi wao walikuwa Wakikuyu waliotoka Kiambu na sehemu nyingine ambako ardhi ilikuwa imechukuliwa au imekuwa finyu, wakaja na mbuzi wao wakitafuta malisho. Setla, yaani mlowezi wa Kizungu, alikuwa na ardhi nyingi na fedha kidogo. Skwota alikuwa na mikono na mifugo. Kwa sheria ya mwaka 1918 skwota alimfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka, na kwa malipo alipewa mshahara mdogo, mahali pa kujenga, kipande cha kulima na ruhusa ya kuchunga. Miaka ya mwanzo mpango huu uliwafaa wote wawili. Kuna maskwota waliofikia kuwa na mifugo mingi, na watoto wao walikua bila kujua nyumbani pengine isipokuwa Njoro, Molo, Elburgon au Bahati.

Mafanikio hayo ndiyo yaliyowaponza. Masetla waliona ng'ombe wa skwota wanaleta magonjwa na wanamaliza nyasi, na zaidi ya hayo waliona mtu mwenye ng'ombe 50 hana haraka ya kuamkia kazi ya shilingi chache. Katika miaka ya 1920 ikapita operesheni ya kuwanyang'anya na kuwapunguzia maskwota mifugo. Wenyewe waliipa jina la Kiswahili, kifagio. Jina hilo linaonyesha jinsi waliofagiwa walivyojisikia. Mwaka 1937 ikatungwa sheria nyingine iliyosisitiza kwamba skwota si mpangaji, ni kibarua, na ikawapa masetla wa kila wilaya uwezo wa kuamua atalima ekari ngapi, atafuga wanyama wangapi na atafanya kazi siku ngapi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia siku zikapanda hadi 240, na kwingine 270. Wakati huo maskwota na jamaa zao katika nyanda za masetla walikuwa zaidi ya 200,000.

Hapa kuna jambo ambalo kila ninapolifikiria linanichoma. Mwaka 1939 Lord Egerton alitoa ardhi na kuanzisha Njoro shule ya kilimo ya Wazungu, ambayo baadaye ilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Egerton. Vita vilipokwisha mwaka 1945, shule hiyo iliwapokea askari wa Kizungu waliotaka kuwa wakulima. Wakafundishwa, wakapewa mikopo na mashamba. Waafrika wa Kenya waliotumikia jeshi katika vita hivyo walikuwa karibu 100,000. Walifika Ethiopia, Madagaska, Burma. Baadhi yao walirudi kwenye mashamba haya haya na kukuta baba zao wamepunguziwa ekari na ng'ombe. Hakuna aliyewaita Egerton.

Cheche ya kwanza ilitoka Olenguruone, upande wa kusini-magharibi kwenye mgongo wa Mau. Huko serikali iliwapa makao, kuanzia mwaka 1941, Wakikuyu waliokuwa wamefukuzwa nchi ya Wamaasai na wengine waliotolewa mashambani. Wao walidhani wamepewa ardhi iwe yao, badala ya ile waliyopoteza. Serikali iliwaambia ni wapangaji tu, tena chini ya masharti ya nini kipandwe na wapi, na nani arithi. Wakakataa. Na katika kukataa wakafanya jambo jipya: kiapo cha umoja, ambacho kabla ya hapo kilikuwa cha wanaume viongozi, wakakila wote, wanawake na watoto pia. Walishtakiwa, mazao yao yakaharibiwa, mifugo ikachukuliwa. Mwisho wa mwaka 1949 na mwanzo wa 1950 wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa Yatta, kwenye ukame wa Ukambani. Njiani waliimba. Waliowaona wakipita walikuwa maskwota wenzao, na kiapo cha Olenguruone kikasambaa mashambani, kutoka kwa jamaa hadi jamaa, kwenye laini za wafanyakazi, usiku.

Serikali ilipotangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, siku 13 baada ya Waruhiu, chifu mtiifu kwa serikali, kuuawa, Njoro ilikuwa imeshaiva. Jomo Kenyatta na wenzake walikamatwa usiku huo. Kikosi cha Lancashire Fusiliers kikaletwa kwa ndege kutoka Misri. Wengi wa wale askari walikuwa vijana wa miaka 18 na 19 waliolazimika kutumikia jeshi kwa sheria ya kwao. Hawakuijua Kenya wala Kenya haikuwajua.

Kwa masetla, hofu iliingia nyumbani kweli. Mwezi wa Novemba setla mmoja aliuawa karibu na Thomson's Falls, Januari 1953 wawili wakauawa kwenye meza ya chakula upande wa Ol Kalou, na tarehe 24 mwezi huo Roger Ruck, mkewe Esme aliyekuwa daktari, na mtoto wao Michael wa miaka sita, wakauawa Kinangop pamoja na mfanyakazi wao Mwafrika. Picha ya kitanda cha mtoto huyo ilizunguka dunia nzima. Jina la yule mfanyakazi halikuzunguka. Mara baada ya hapo masetla waliandamana mpaka nyumba ya Gavana Baring mjini Nairobi wakidai hatua kali. Mashambani kote wanawake wa Kizungu walianza kula chakula cha jioni na bastola mezani, na jua lilipotua mpishi alitolewa nje na mlango kufungwa. Mtu aliyemlea mtoto wa nyumba ile tangu akiwa mchanga alilala sasa akijua kwamba aliowapikia wanamwogopa. Na yeye pia aliwaogopa. Wote wawili walikuwa na sababu.

Kisha malori yakaja.

Kufukuzwa kwa maskwota wa Kikuyu kulianzia Thomson's Falls Novemba 1952, baada ya yale mauaji ya kwanza, kukaenea Bonde la Ufa lote. Mara nyingi hapakuwa na notisi. Askari walizunguka laini alfajiri, watu wakaambiwa wachukue wanachoweza kubeba. Pareto iliachwa imechanua bila mchumaji. Mahindi yaliachwa shambani. Ng'ombe na mbuzi waliuzwa hapohapo kwa bei ya kutupa, kama kulikuwa na mnunuzi, na mwenye shamba au jirani wa kabila jingine ndiye aliyekuwa mnunuzi. Wengine waliondoka wenyewe kabla ya kutolewa, wakitaka angalau wauze mali zao kwa utulivu. Kambi za kupitishia zilikuwa Nakuru, Gilgil na Thomson's Falls. Zilifurika hata zikashindwa kuwalisha na kuwasafisha watu, na watoto wakaugua humo wiki na miezi wakisubiri gari la kuwapeleka. Hadi mwisho wa mwaka 1953 waliohamishwa walikuwa kadiri ya 100,000.

Walipelekwa nyumbani, serikali ilisema. Nyumbani kwa nani? Mtu aliyezaliwa Njoro mwaka 1925 alikuwa na kipande kilichoandikwa wilaya ya babu yake, basi. Huko kwenye maeneo ya Wakikuyu ardhi ilikuwa tayari haitoshi. Jamaa waliombwa wagawane na wageni shamba la nusu ekari, na wageni wenyewe walionekana na machifu kuwa watu hatari walioleta kiapo kutoka Bonde la Ufa. Vijana wengi hawakuona njia ila mbili: kwenda Nairobi au kwenda msituni. Waliotaka kuizima Mau Mau ndio waliolijaza jeshi lake. Hili, kwangu, ndilo kosa kubwa la Hali ya Hatari, na lilifanyika wazi, kwa saini na mhuri.

Mashambani, mapengo yalizibwa. Masetla walitafuta vibarua Waluhya, Waluo, Wakisii, Wakipsigis na wengine, wakawaweka katika laini walizoacha Wakikuyu. Mgeni alikuta mafiga ya moto wa mwenzake bado yapo. Hakuwa na hatia; alikuwa naye anatafuta kodi ya kichwa na karo. Ila tangu siku ile kila udongo wa Njoro ulikuwa na watu wawili wanaoweza kusema kwa haki, hapa nililima mimi.

Hawakuhamishwa wote. Wapo masetla waliowaficha au kuwatetea wafanyakazi wao, wengine kwa utu, wengine kwa sababu maziwa hayajikamui. Waliobaki walikusanywa kwenye laini zenye ulinzi, wakapigiwa hesabu jioni na asubuhi. Hapo ndipo vita vya wanawake vilipoanza. Vikundi vilivyojificha Mau, Eburru na Bahati vilihitaji unga, chumvi, dawa, blanketi na habari, na aliyeweza kuvitoa shambani bila kushukiwa ni mwanamke mwenye mzigo wa kuni au debe la maji. Anayekumbukwa zaidi eneo la Nakuru ni Wanjiru Nyamarutu, mtoto wa maskwota, ambaye wapiganaji walimpa cheo cha jenerali wa chakula. Alipanga nani achangie nini na kipite njia gani. Jeshi bila mtu kama yeye halimalizi wiki mbili kwenye baridi ya Mau, na nadhani inatupasa kuona aibu kwamba tuna barabara nyingi za majenerali wa bunduki na hatuna hata kichochoro cha jenerali wa unga.

Waliolishwa walikuwa kina nani? Vijana wa mashambani, wengi hawajafika miaka 25. Kabla ya kuingia msituni walikula kiapo cha pili, cha kupigana, kilichoitwa batuni, neno lililotokana na platuni ya jeshini. Wenzao waliotoka Burma waliwafundisha kuvizia, kufuta nyayo, kukaa kimya siku nzima. Viongozi kama Waruhiu Itote, Jenerali China, walijifunza vita wakiwa askari wa King's African Rifles, KAR. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 kikundi kilivamia kituo cha polisi cha Naivasha, kikachukua bunduki na kuwafungua mahabusu zaidi ya 170. Njoro ilisikia habari hizo kabla ya gazeti kufika. Usiku huohuo kule Lari kundi jingine lilichoma nyumba za Chifu Luka Wakahangara na za walinzi wa serikali. Wakafa watu zaidi ya 70, wengi wao wanawake na watoto, na kabla jua halijatoka walinzi na askari nao wakawa wanalipiza kwa kuua watu wengi zaidi ya hao. Wauaji na waliouawa walikuwa majirani, na chanzo kilikuwa kipande cha ardhi ambacho serikali ilikitoa kwa mmoja na kumnyima mwingine. Asiyetaka kuviita vita hivi vita vya wenyewe kwa wenyewe asome habari za Lari.

Kuhusu askari wa KAR tunasimulia kidogo mno. Walitoka Kenya, Uganda na Tanganyika. Kijana mmoja wa kikosi cha nne cha Uganda aliitwa Idi Amin. Lugha ya amri yao ilikuwa Kiswahili. Fikiria basi mkutano wao na maskwota. Njoro ilikuwa na makabila mengi yaliyoelewana kwa Kiswahili cha shambani, kile masetla walichokiharibu wakakiita Kisettla. Askari kutoka Tabora au Gulu aliposimamisha mtu njiani na kumwambia toa kipande, lugha ilikuwa moja. Hakumjua huyo mtu, hakujua shauri lake la ardhi, alikuwa anafanya kazi ya mshahara milima ya mbali na kwao, mvua inanyesha, na mwenzake alipigwa panga juzi. Baadhi ya maofisa walizigeuza kampuni zao kuwa mashindano ya kuhesabu maiti. Kapteni Gerald Griffiths wa kikosi cha tano cha KAR alishtakiwa kwa mauaji mwaka 1953, ikasikika mahakamani jinsi askari walivyolipwa shilingi kwa kila mtu waliyemuua. Akaachiliwa, kisha mwaka 1954 akafungwa miaka mitano kwa kutesa watu. Kule Chuka, Juni 1953, askari wa kikosi hichohicho waliwaua raia wapatao 20, na baadhi ya waliouawa walikuwa walinzi wa upande wa serikali.

Hao walinzi, home guard, ndio jeraha ambalo halijapona. Kufikia 1954 walikuwa 25,000 hivi. Wakikuyu wenzao waliwaita ngati au kamatimu, wenye mikuki. Wapo walioingia kwa imani: Wakristo waliokataa kiapo kwa dhamiri, na wengine walikufa kwa kukataa. Wapo walioingia kulinda mali. Wapo walioingia kwa sababu asiye home guard alichimba handaki na aliye home guard alisimamia. Na wapo walioogopa wote wawili, serikali na msitu, wakachagua aliye karibu na mlango wao siku ile. Baba angeweza kuwa home guard na mwanawe msituni, na mama akawapikia wote. Kwenye vituo vya kuchuja watu aliketi mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Watu walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa hivi, unakwenda kazini. Akitikisa hivi, unakwenda Manyani, kwenye kambi ya kizuizini. Walimwita gakunia, kigunia. Alikuwa mtu wa kwenu. Kuna wazee waliokufa bila kujua ni nani aliyekuwa ndani ya gunia lile, na wengine walikufa wakijua na hawakusema.

Anayeweza kutupitisha katika kambi hizo ni mtoto wa skwota wa wilaya yetu, Josiah Mwangi Kariuki, JM, aliyezaliwa Kabati-ini, Bahati, mwaka 1929. Alikamatwa Nakuru Oktoba 1953 na hakufunguliwa rasmi mpaka Hali ya Hatari ilipokuwa inakwisha. Katika muda huo alipitishwa kambi 14, kitabu chake cha mwaka 1963 kinaeleza. Kwa hesabu ya serikali yenyewe waliowekwa kizuizini walizidi 80,000. Watafiti wengine wanataja idadi kubwa zaidi sana. Waligawanywa kwa rangi, weupe, kijivu na weusi, kulingana na walivyokubali kuungama. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola kwa kukataa kazi, na serikali ikasema kwanza kwamba waliuawa na maji ya kunywa. Baada ya hapo Uingereza haikuwa tena na uso wa kuendelea. Hali ya Hatari ilifutwa Januari 1960.

Hesabu rasmi zilisema wapiganaji zaidi ya 11,000 waliuawa. Walionyongwa kwa hukumu ya mahakama walikuwa zaidi ya 1,000. Raia Waafrika waliohesabiwa kuwa upande wa serikali walikufa zaidi ya 1,800, na masetla 32. Hesabu hizo hazina mstari wa mtoto aliyekufa kwa kuhara katika kambi ya Gilgil.

Maskwota walianza kurudi. Kutoka katikati ya miaka ya 1950 masetla waliokosa mikono ya kazi waliruhusiwa kuwachukua waliokuwa na cheti cha uaminifu, na waliotoka kizuizini wakafuata. Wakakuta laini zina watu wengine, na minong'ono kwamba uhuru unakuja na mashamba yatauzwa. Yatauzwa? Walipigana ili wauziwe? Karibu na mwaka 1960 baadhi yao wakarudia kula kiapo kwa siri katika mashamba ya Nakuru, chini ya jina la Jeshi la Ardhi na Uhuru, wakatengeneza bunduki nyingine. Safari hii waliowakamata ni pamoja na viongozi wa Kiafrika waliokuwa wanaingia serikalini. Tarehe 12 Agosti 1963 Kenyatta alisimama mbele ya masetla mjini Nakuru, akawaambia kwamba yaliyopita yasamehewe na yasahauliwe, na kwamba wakulima wazuri wabaki. Walimshangilia wakaitikia harambee. Alihitaji kuwatuliza, ninaelewa. Ila kwenye ukumbi ule hapakuwa na skwota wa kuulizwa kama yeye amesahau.

Yaliyofuata Njoro yalipita haraka. Mashamba yakauzwa. Waliokuwa na fedha wakanunua, na wasiokuwa nazo wakachanga shilingi kwa shilingi katika kampuni za kununulia ardhi, mojawapo ya zile kubwa ikiwa Ngwataniro ya mwanasiasa Kihika Kimani. Aliyefukuzwa mwaka 1953 akapata cheti cha hisa, na baada ya miaka, pengine, hatimiliki. Jirani yake Mkalenjin, aliyeambiwa kwamba ardhi ya Bonde la Ufa ni ya mababu zake, akatazama. Waogiek nao wakaona msitu ukigawanywa juu ya vichwa vyao. Ni mwaka 2017 tu ndipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilipowapa haki yao dhidi ya serikali.

Siasa ya vyama vingi iliporudi, wanasiasa walijua kiberiti kiko wapi. Mwaka 1992 Molo iliungua, na kamati ya bunge ikahesabu waliokufa nchini katika mapigano ya kikabila kuwa 779. Januari 1998, wiki chache baada ya uchaguzi, ikawa zamu ya Njoro yenyewe, mishale upande huu na mapanga upande ule, Mauche na Naishi na Likia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi nzima ilitikisika: Tume ya Waki iliyochunguza ghasia hizo ilihesabu vifo 1,133, na 744 kati ya hivyo ni vya Bonde la Ufa. Safari hii tena watu walipakia sufuria juu ya malori, na barabara ilikuwa ileile ya Nakuru. Bibi aliyekuwa na miaka 60 mwaka 2008 alikuwa anahamishwa mara ya pili, na mara ya kwanza alibebwa mgongoni.

Serikali ya Kenya iliondoa marufuku ya Mau Mau mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Uingereza ilieleza majuto yake Juni 2013 na kukubali kuwalipa walioteswa 5,228. Madai yao yalifanikiwa kwa sehemu kubwa kwa sababu mafaili yaliyokuwa yamefichwa Uingereza tangu uhuru yalipatikana. Mengine mengi yalichomwa moto hapa kabla bendera haijashushwa. Walioandika hayo mafaili walikuwa maofisa. Skwota aliweka kumbukumbu yake kichwani, na kichwa kinazeeka.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji wa Njoro, Molo, Elburgon, Bahati na Subukia, na kwa walimu wa historia wa shule za huko. Mtoto aliyepakiwa kwenye lori mwaka 1953 akiwa na miaka minane amekwisha kupita miaka 80. Mlio naye nyumbani, Mkikuyu au Mkipsigis au Mluhya aliyeingia kwenye ile laini tupu, muulizeni wiki hii: shamba la nani, nani alisimamisha lori, mlibeba nini, mliacha nini, nani alikuwa kwenye gunia kama anataka kusema. Rekodini kwa simu. Andikeni majina ya mashamba kama yeye anavyoyatamka.